Kituo cha Chini Kabisa

Fundi alijua mkewe hana siku nyingi, na mkewe alikuwa ameomba kitu kimoja tu: kusikiliza kanda ya kwaya yao ya zamani, asikie tena sauti yake mwenyewe ikiimba sauti ya pili. Tatizo lilikuwa kichwa. Muziki ukipanda kidogo tu, anakunja uso kama aliyechomwa sindano. Na kinobu cha sauti cha amplifaya kikiteremshwa sana, spika moja inakata, nyimbo zinabaki vipande vipande.

Basi akamtengenezea transfoma ya kupunguzia sauti. Kilikuwa kisanduku kisichotumia umeme wa ukutani, cha kukaa kati ya deki na amplifaya: ndani koili ya waya wa shaba, nje swichi ya kuzungusha yenye vituo. Ukiteremka kituo, wimbo unapungua ukiwa mzima, hakuna mwimbaji anayepotea njiani.

"Ungekuwa na subira hii jikoni, tungenenepa," mkewe alimtania siku ya kwanza. Shemeji, mdogo wake mke aliyekuja kumuuguza, alicheka mpaka akaweka beseni chini.

Swichi ikawa inateremka siku hadi siku. "Punguza, fundi wangu." Tak. "Kidogo tena." Tak. Asubuhi moja ikafika kituo cha mwisho. Baada yake kulikuwa na kuzima tu.

"Bado inanigonga," mkewe alisema, macho ameyafumba.

"Naongeza kingine. Sichelewi."

"Wewe na sichelewi zako."

Akakaa kwenye meza yake ya kazi chumba cha pili, mlango wazi ili amwone. Akafungua koili, akatoa waya wa kituo kipya chini ya vile vya zamani, akauunga kwenye swichi kwa lehemu. Kila akiinua macho kumtazama mgonjwa, kazi inamponyoka.

Akarudi, akaunganisha nyaya, akabonyeza deki, akazungusha swichi hadi kituo kipya. Kanda ikaanza kuzunguka.

Uso wa mkewe ukalegea. "Hapo. Hapo hapo."

Fundi akainama kwenye spika. Kimya. Akasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa chake. Kimya.

"Shemeji, mbona..." mdogo wa mkewe alianza kumuuliza.

Fundi akamwinulia kiganja anyamaze. Akachungulia kisanduku, ambacho alikuwa hajakirudishia kifuniko. Lehemu ilikuwa imekaa vizuri, lakini chini yake waya ulikuwa bado unang'aa kwa vanishi yake ya kuzuia umeme. Waya wa koili hukwanguliwa kwanza, la sivyo sauti haipiti. Hilo hakuwahi kulisahau maisha yake yote ya kazi. Leo alikuwa amelisahau.

Kisu kilikuwa mfukoni. Ni kazi ya dakika moja.

"Wale wa sauti ya kwanza wanakimbia," mkewe alinong'ona. "Kama kawaida yao." Kidole chake kilikuwa kinapiga mdundo juu ya shuka. Kisha midomo ikaanza kufuata maneno, ikitulia kidogo kila mwisho wa mstari ili kuvuta pumzi.

Fundi akakiacha kisu mfukoni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono ule mwingine. Shemeji akaenda kusimama dirishani, amewapa mgongo, mabega yakimtikisika.

Kanda ikafika mwisho, kitufe cha deki kikaruka juu.

"Fundi wangu," mkewe alisema. "Geuza upande wa pili."

Akainuka, akaigeuza.