Nusu Pointi ya Zaven

Mzee Vagharsh alikuwa akikoroga chai kwenye kiti cha mgeni rasmi, safu ya mbele, wakati kete za mchezo wa kwanza wa mashindano ya sataranji zilipokuwa zikisogezwa kwenye ubao mkubwa ukutani. Aliinua macho, akaacha kukoroga. Mfalme mweupe alikuwa amekwama pembeni, na ngome nyeusi ilikuwa ikimvizia kutoka mbali.

Aliijua hali hiyo. Ndiyo aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, zama za Wasovieti, katika ukumbi huuhuu wa Yerevan, dhidi ya rafiki yake Zaven, aliyeshika kete nyeusi. Ngome ikimla askari aliye mbele ya mfalme, mchezo umekwisha. Zaven aliliona hilo. Lakini kabla ya mchezo bwana mmoja wa ofisi ya usalama alimshika bega pale ngazini, akamkumbusha kwamba kaka yake katorokea Paris, kwa hiyo yeye hatapelekwa ng'ambo hata akishinda, na kwamba mkewe bado anaipenda kazi yake ya ualimu. Zaven akanyoosha mkono, akaomba sare. Nusu pointi ile ikampa Vagharsh ubingwa. Mambo ya ngazini Vagharsh aliyajua. Aliambiwa mapema, asubuhi ya siku hiyo, akaendelea kula mayai yake.

Mchezo wa pili nao ukafika palepale, ingawa ulianza kwa njia nyingine kabisa. Na wa tatu. Mabingwa wa dunia nzima, kila mmoja na mbinu zake, waliishia katika hali moja, wakatupa jicho safu ya mbele, wakapeana mikono. Jedwali la msimamo halikumpa mtu kazi: kila jina liliongezewa nusu. Magazeti yaliandika kwamba ushindani ni mkali.

"Hawa wamekuja kunywa brandi yetu tu," alinung'unika Bi Knarik, mstaafu wa posta, kutoka safu ya pili.

Raundi iliyofuata Zaven alikuja. Alikuwa amekufa katika ile miaka ya giza, umeme ulipokatika na watu wakachoma sakafu za nyumba zao. Yeye alimalizia kwa kuchoma bao lake la sataranji. Alivaa koti alilozikwa nalo. Akaketi karibu na Vagharsh, akaanza kutafuna mbegu za alizeti.

"Zaven, si ulikufa wewe?" aliuliza Bi Knarik.

"Nilikufa, dada. Baridi."

"Pole. Basi inama kidogo, unanizibia ubao."

Tangu siku hiyo Vagharsh hakupata usingizi. Kila jioni alikaa na ule ubaridi begani, akiomba Mungu ngome isiguswe, na kila iliposalimika aliona haya kwa jinsi alivyofurahi.

"Yaliyopita si ndwele, Zaven," alinong'ona siku moja.

"Na yajayo ni hayahaya. Tazama ubaoni."

"Kwani hawaioni ngome?"

"Wanaiona wote. Nani atamwaibisha mgeni rasmi?"

Raundi ya mwisho kete nyeusi zilikuwa za Areg, kijana ambaye Vagharsh alimfundisha tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Hali ikafika ileile. Areg akapeleka mkono juu ya ngome, akausimamisha hewani, maana kete ukiigusa lazima uicheze. Akamtazama mwalimu wake.

"Mwitikie kwa kichwa tu," alisema Zaven. "Kidogo. Atacheza."

Vagharsh alimpenda Areg, na alikuwa amempenda Zaven zaidi kuliko alivyowahi kusema. Lakini aliuwaza ule ubingwa, mmoja tu maishani mwake, na shingo ikakataa. Akanyanyua kikombe, akanywa chai iliyokwisha kupoa. Areg akautoa mkono juu ya ngome, akampa mpinzani wake.

Kwa kuwa wote walilingana, kamati iliamua kombe akabidhiwe mgeni rasmi. Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Zaven naye alisimama, akazitia mbegu mfukoni, akapiga kwa nguvu kuliko wote.

"Hongera, bingwa," alisema, bila kejeli hata chembe.

Kisha akavua koti, akalitundika juu ya kiti, akaketi tena, akamuuliza Bi Knarik mashindano ya mwakani yanaanza lini.