Mtu wa Ramani Kijijini Lipówko

Zenon Hryniuk aliacha ng'ombe wake bila kumaliza kuwakamua, akaja kwangu akihema.

"Mwenyekiti, toka! Kuna Mjerumani anapima kijiji kwa hatua."

Ule ulikuwa mwaka wangu wa tatu wa uenyekiti wa Lipówko. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hapa palikuwa Ujerumani, si Poland. Mipaka ilipohamishwa, wenyeji walifukuzwa, wazazi wetu wakashushwa na treni kutoka mashariki. Walikuta viazi vya watu ardhini, wakavichimba, wakala. Tangu hapo tunalala jicho moja wazi, tukihofu wenyewe watarudi kudai.

Kweli, mzee mrefu mwenye ramani alikuwa akihesabu hatua toka kanisani. Nikapanda baiskeli hadi ofisi ya kata.

"Tumempa nakala ya ramani ya zamani," alisema karani wa ardhi.

"Ya nini?"

"Hakusema."

"Na hati zetu?"

Akafunga faili. "Ziko sawa, mama. Nadhani."

Hiyo "nadhani" nilirudi nayo njia nzima.

Niliporudi, Zenon na wenzake walishamfuata hadi kichakani, nyuma ya kituo cha zimamoto. Mzee alikuwa amepiga magoti, anapapasa majani makavu.

"Bwana, unatafuta nini kwetu?" nikamuuliza.

Akajibu kwa Kipolandi cha kuokoteza. "Hapa makaburi. Dada yangu. Miaka minne. Kifaduro."

Mawe ya makaburi yale yaliondolewa kwa amri ya kata mwaka sabini na mbili, yakatumika kujenga msingi wa kituo cha zimamoto. Wote tulijua. Trekta lililoyabeba lilikuwa la baba yake Zenon.

"Muulize kama anataka kiwanja," Zenon alininong'oneza.

"Una mdomo. Muulize mwenyewe."

Hakuuliza. Alimshika mzee kiwiko, akamwinua, akamwongoza hadi ukuta wa kituo.

"Yamo humu," alisema. "Yote."

Mzee aliweka kiganja kwenye saruji. Hakulia, wala hakutulaumu. Heri angetutukana.

Gari la mzee lilipokuwa likiondoka, nilimwona Zenon akiandika namba ya gari hilo kwenye pakiti ya sigara.

"Wewe, huna aibu?"

"Aibu ninayo. Lakini yeye ana ramani."

Sikumwambia aitupe ile pakiti.