Shuka Jeupe Kupita Kiasi

Mama mkwe wangu ni dobi, na ukitaka kumuudhi mwambie nguo yake imetakata kiasi. Kwake hakuna kiasi. Nguo ni nyeupe au bado iko kwenye beseni. Kwa hiyo nilipomwomba twende zahanati akapimwe saratani ya mlango wa kizazi, hakuuliza kama inauma. Aliuliza, "Nitalala juu ya shuka la nani?"

"La zahanati, mama."

"Basi sitalala."

Nilimbembeleza wiki nzima, yeye akipiga pasi na mwanangu akimvuta gauni. Mama yangu mzazi aliondoka kwa ugonjwa huo huo, kwa sababu ulionekana ukiwa umeshakomaa. Huyu ndiye mama niliyebaki naye, na sikuwa tayari kumpoteza.

Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba aje na shuka lake. Alilifua mara mbili, akalitia ile sabuni ya kung'arisha anayowawekea wateja wa harusi, akalipiga pasi na kulibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Mama, tunakwenda kupimwa, hatuendi kuposa."

"Wewe nyamaza. Mtu akinichungulia, angalau akute niko safi."

Chumba cha vipimo kilikuwa kidogo, na pazia zito dirishani. Nesi, binti mchangamfu aliyeanza kazi juzijuzi, alituonyesha mashine: kijicho cha kioo juu ya mguu wa chuma, na waya uliokwenda kwenye skrini. Alisema inamulika mwanga wa zambarau kwenye mlango wa kizazi. Nyama yenye afya hurudisha mwanga kwa namna yake, na ile iliyoanza kubadilika hurudisha kwa namna nyingine, hata kabla jicho la mtu halijaona kitu. Mashine inauchambua huo mwanga unaorudi na kuuchora mistari. Nilifurahi kusikia hivyo. Kule darasa la jioni ninakosoma, mwalimu alipitisha mwanga kwenye kipande cha kioo, ukagawanyika rangi rangi ukutani, nami nikajiuliza jambo hilo litanifaa lini.

"Haikati?" mama mkwe aliuliza.

"Haikati, mama, wala haikugusi. Kile kifaa cha kufungulia njia ndicho kitakubana kidogo."

"Haya. Mkwe, wewe simama huku kichwani. Macho kwenye skrini, si kwangu."

Alilala juu ya shuka lake, akajifunika mapaja kwa upande uliobaki, na nesi akazima taa. Mwanga wa zambarau ukawaka, na shuka likang'aa buluu kana kwamba lina taa ndani yake. Nililiona kwa pembe ya jicho, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Nesi naye macho yake yote yalikuwa kwenye skrini. Mistari ilitakiwa ipande na kushuka kama vilima, lakini ilipanda ikagonga juu na kubaki huko huko. Akarudia. Ikawa vile vile.

"Naomba nimwite daktari," alisema kwa ile sauti ya upole ambayo hakuna mgonjwa anayeipenda, akatoka.

Mama mkwe aliinua macho kwangu. "Mkwe."

"Abee, mama."

"Pasi kubwa chukua wewe. Ile ndogo mpe wifi yako, hajui kutunza vitu."

"Mama, hatujaambiwa kitu."

"Nimeuona uso wa yule mtoto. Na mumeo mwambie aache kuvaa lile shati la kijani. Sijawahi kulipenda. Nalifua kwa hasira tu."

Kicheko kilinijia na machozi yalikuwa yameshafika. Nikamshika mkono, ule mkono wake uliokomaa kwa sabuni, naye akanibana vidole mpaka vikafa ganzi.

Daktari, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliingia na kuuwasha tena ule mwanga. Hata skrini hakuiangalia.

"Hili shuka limetoka wapi?"

"Ni langu," alisema mama mkwe. "Lina kasoro gani?"

"Halina kasoro, na ndiyo shida yenyewe. Hizi sabuni za kung'arisha zina dawa inayounywa mwanga wa zambarau na kuutema buluu. Ndiyo maana nguo inaonekana nyeupe hivyo. Mashine inataka kuusoma mwili wako, imeishia kusoma ufuaji wako."

Nesi alijifunika uso kwa viganja. "Daktari, sijawahi kuona mtu akija na shuka kama hili."

Mama mkwe alikisahau kifo pale pale. "Umesikia, mkwe?"

Walilitoa, wakamtandikia na kumfunika la zahanati, la kijani kilichofifia. Alilinusa, akakunja uso, akavumilia. Safari hii vilima vilikaa sawa, isipokuwa sehemu moja ndogo kama punje ya mtama, ambapo mstari ulizama. Daktari alivuta kiti. Alisema haonekani kuwa na saratani. Ni sehemu inayoelekea imeanza kubadilika, na ikiachwa kwa miaka inaweza kugeuka kuwa saratani. Angechukua kinyama kidogo kiende maabara, na majibu yakikubaliana na mashine, watapachoma kwa joto na atarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Namjua mama mkwe wangu. Nilisubiri aombe viatu vyake.

"Daktari," alisema, "mimi leo nimeshakufa, nikagawa mpaka pasi. Hicho kipunje kitanitisha nini tena? Chukua hicho kinyama."

Majibu yalikubaliana na mashine. Siku ya kuchomwa alitoka chumbani akitembea taratibu, nikamnyooshea mkono, akaukataa. Kwenye benchi wanawake wawili walikuwa wakinong'ona, mmoja ameshasimama kama anayetaka kuondoka. Mama mkwe alimgusa bega.

"Ingia, mwanangu. Kinachouma ni kukaa hapa nje."

Nje, wifi yangu alikuwa ametuletea mwanangu, na mtoto akamkimbilia bibi yake, mikono juu. Daktari alikuwa amemkataza bibi kubeba vizito kwa muda. Mama mkwe aliniangalia, akaiangalia ngazi ya zahanati na vumbi lake lote, akakaa chini na gauni lake jeupe, mtoto akampanda mapajani mwenyewe.