Vidole Vyangu Vilipoomba Uhamisho

Niliota usiku wa jana, na niseme mapema kwamba sikulala na njaa wala sikuwa nimeonja pombe. Mimi ni fundi wa mageti hapa Makambako, huu mwaka wa ishirini na mbili, na si mtu wa kuhangaishwa na ndoto.

Ilikuwa asubuhi. Nimesimama karakanani kwangu, nimeshika grenda, nataka kukata bomba la geti la zahanati. Vidole vya mkono wa kushoto havipo. Kiganja kipo, laini kabisa, kama andazi.

Navikuta vimekaa kwenye benchi, vyote vitano, kila kimoja na begi lake.

"Fundi," kinasema kidole cha shahada, "tumeomba uhamisho. Tunakwenda kwa Mama Atu, fundi cherehani. Mashine yake inatoboa tu, haikati."

"Nimewakosea nini?"

"Ulitoa kava."

Hilo lilikuwa kweli. Kava ni kile chuma cha nusu duara kinachokaa kati ya diski inayokata na mkono. Nililifungua mwaka juzi kwa sababu lilizuia diski kubwa isiingie kwenye grenda ndogo, na diski kubwa inamaliza kazi haraka. Mafundi wote mtaani kwetu wamefanya hivyo. Wenye vidole tisa wamefanya hivyo pia, lakini hilo huwa hatulizungumzi.

Nikaigeukia grenda yenyewe. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sina ugomvi na mtu," ikasema. "Sioni. Nakata kinachokuja."

Hapo niliogopa kweli. Bila vidole vya kushoto, bomba nani atalishika? Na mimi kazi nyingine sijui.

"Ukileta kava kabla ya saa nne tutafikiria," kikasema kidole cha shahada. "Basi letu ni la saa nne."

Mama Atu yuko ng'ambo ya barabara tu, lakini vidole vilikuwa vimeshakata tiketi. Nikatoka mbio.

Mlangoni soketi ikaniita. Ndani yake mna njiti mbili za kiberiti, zile ninazobania nyaya tangu plagi ilipovunjika.

"Fundi, sisi tulisomea kuwasha majiko," ikasema njiti moja. "Kazi hii si yetu, na tunaogopa."

"Nitawashughulikia wiki ijayo," nikajibu, kama ninavyowajibu wateja.

Nilipovuka kizingiti nikajikuta sebuleni. Mke wangu, Mama Enea, anamimina chai akiwa amevaa miwani ya kazi. Birika nalo limevaa miwani. Dirishani amesimama jogoo, naye kavaa, na ndiye pekee aliyependeza.

"Baba Enea, shati chafu hilo," anasema mke wangu. Anainama, ananichomoa waya kisiginoni. Sioni, sisikii. Anaurudisha. Nina shati safi.

"Ndiyo utaratibu," anasema. "Kabla ya kubadilisha kitu, chomoa kwanza umeme."

Sikubishana naye. Nikafungua mlango wa chumbani, nikaingia kwenye banda la kuku. Kava lilikuwa humo, limeinama juu ya vifaranga, limewafunika wote.

"Nimepata kazi huku," likasema, bila kinyongo.

"Rudi. Nakuomba."

"Ulinitoa kwa nini?"

"Ulikuwa unazuia."

"Hiyo ndiyo kazi yangu. Nitarudi kwa diski ndogo. Na unifunge kwa spana, si kwa waya."

Nikakubali masharti yote. Nikalikumbatia, nikalia mbele ya kuku, na sikuona haya.

Karakana ikatufuata pale pale bandani, basi likinguruma mlangoni. Vidole vikashuka. Mkataba ukaletwa, pamoja na wino wa zambarau, ule wa mihuri, maana kila kidole kilitakiwa kuweka alama yake chenyewe. Dole gumba likajichovya, likabonyeza. Kikafuata cha shahada, kikafuata cha kati, kikafuata cha pete. Vikarudi mkononi kwangu kimoja kimoja.

Kidole cha mwisho kikabaki pembeni na begi lake.

"Nitarudi mkononi," kikasema, "lakini kusaini sisaini. Ajali ikitokea, huwa naanza kuondoka mimi. Ngoja nikuone kwanza."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshapanda, na Mama Enea alikuwa amesimama kando ya kitanda, ameshika ncha ya shuka.

"Baba Enea, jana ulishika nini? Shuka lote zambarau!"

Nikautoa mkono wa kushoto. Dole gumba lilikuwa na wino. Cha shahada, cha kati na cha pete vilikuwa na wino, umeingia hadi kwenye mistari ya ngozi. Nikakitazama kidole cha mwisho. Nikakigeuza huku na huku, nikakisogeza dirishani penye mwanga, nikitafuta walau doa moja. Kilikuwa safi.

"Shikamoo," nikakiambia.