Mwanamke wa Kwenye Bahasha

Mimi si mtu wa wivu. Wivu ni wa watu wasio na kazi, nami nina duka la maharage hapa Nyamugari, mjini Gitega, na kelele zake zinanitosha. Ila mume akikaa miaka miwili Muyinga, na kila ukimwambia "nakuja" akakujibu "subiri kidogo, Emi," hata mtakatifu angeanza kunusa mashati.

Nazario alikwenda Muyinga kufungua ghala letu la pili. Tulikubaliana kwamba likishasimama, duka la Gitega nitamwachia dada yangu Ursula, nami nihamie kwa mume wangu tukae nyumba moja kama watu waliofunga ndoa kanisani. Ghala likasimama. Ikaja habari ya paa kuvuja. Paa likazibwa, mafuta ya gari yakaadimika. Mafuta yakapatikana, panya wakaingia. Nikajiuliza ni panya gani hao wanaoogopa mke wa mtu.

Mwaka huu nikasema basi. Tutafute fundi atuwekee hesabu za maghala yote mawili kwenye mtandao, zionekane hata mtu akiwa jikoni, ili asipate tena kisingizio kwamba Gitega hapaendi bila mimi. Nikaanza kufunga sufuria zangu kwenye magazeti.

Fundi aliitwa Joël, Mkongo wa Uvira, mwenye ndevu nyingi na maneno mengi zaidi. Alikaa juu ya gunia dukani kwangu, kompyuta magotini.

"Maman, iko rahisi," akaniambia. "Mi sitajenga tableau de bord ku zéro. Kuna modèle batu bameshatengeneza. Naishusha, na-installer, kisha nabadilisha jina na rangi."

Nikaelewa hivi: huo ukurasa wa hesabu ni kama kununua gauni la mtumba, ukalipunguza kiuno, ukasema ni lako. Mistari myeupe ikashuka kwenye kioo cheusi, mtandao ukakatika, ikaanza upya. Sikubanduka pale. Mtu anayechapa haraka namna ile anaweza kuchapa lolote. Alipomaliza akanifungulia kwenye simu yangu, nikaweka neno la siri nililolichagua mwenyewe, akapanda gari kwenda Muyinga kumalizia upande wa ghala.

Jumanne asubuhi nikaifungua. Pale juu, kona ya kulia, palikuwa na picha ya mume wangu amevaa tai ya harusi yetu, na jina lake chini: Nazario. Kumbe ndilo jambo la kwanza alilomwomba fundi, mwanaume na sifa. Michoro ilipanda na kushuka ingawa hatukuwa tumeingiza hata gunia moja, lakini michoro sikuijali. Jicho langu lilikuwa kwenye bahasha ndogo kando ya picha ile, yenye alama nyekundu. Nikaigusa.

Akatokea mwanamke. Miwani, meno yaliyopangika, nywele mpaka mabegani. Chini yake palikuwa na ujumbe wa Kiingereza unaosema: "Jana nilikusubiri sana. Kesho palepale?"

Nazario hajui Kiingereza. Ndiyo maana, nikawaza, wamechagua lugha wanayodhani nami siijui. Amesahau kwamba nilisomea kambi ya wakimbizi ya Kasulu, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na fimbo. Na kama Nazario sasa anasoma Kiingereza, basi najua anafundishwa na nani.

"Muulize Joël kwanza," Ursula akasema nilipomwonyesha.

"Joël ndiye aliyemwekea picha! Wanaume wakikaa pamoja siku mbili, siri yao inakuwa moja."

"Lakini huna hakika, dada."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nikampigia Nazario. Sikumsalimu. "Nimemwona mwanamke wako. Na alichokuandikia nimekisoma. Nakuja leo."

Nilisikia kuku wa jirani wa ghala, yeye sikumsikia. Baadaye akasema, "Emi, tega sikio kidogo…" Nikakata, nikazima simu kabisa.

Nilipata gari mpaka Karuzi, nikangoja, nikapata jingine. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yale mabaya zaidi niliyaweka mwisho.

Nilianzia ghalani. Nazario hakuwepo. Joël alikuwa peke yake nyuma ya meza, na kabla hajanipa kiti nikamwekea simu puani.

"Huyu nani?"

Joël akaangalia. Akaniangalia mimi. Kisha akacheka mpaka akavua kofia.

"Maman! Ile bibi haiko mutu! Inakuyaka, inakuja na modèle!"

"Usinifanye mjinga, Joël. Nimesoma na maneno yake."

"Ngoja, we angalia." Akafungua kompyuta yake, akatoa ile modèle upya kutoka kwenye faili lake, kabla ya kuandikwa jina la mtu yeyote. Nikaona tableau tupu, na kona ya kulia pale pale, bahasha. Akaigusa. Miwani, meno, nywele mpaka mabegani. Jana nilikusubiri sana. Akanifungulia na ya mteja wake mwingine, mzee mmoja wa Musinzira anayeuza dawa za mifugo. Naye mwanamke alikuwa amemsubiri sana jana.

"Beko banatia message za bongo, za uongo tu," akasema, "juu mutu aone vile itakuwa. Na michoro pia ni ya bongo. Mi nilikuwa nitosha byote leo, nifute."

Nilikaa juu ya gunia. Nilikuwa nimenunua gauni la mtumba, nikakuta leso mfukoni, nikataka kumuua mume wangu kwa leso ya mtu asiyemjua. Nilicheka, na machozi yakanitoka, na nilifurahi jinsi ambavyo sikuwa nimefurahi miaka miwili. Kimya chake kwenye simu sasa nilikielewa. Maskini alikuwa anajiuliza ameoa kichaa gani.

"Patron yuko wapi?"

"Alirudi ku nyumba tangu asubuhi. Alipokea simu, akatoka."

Sokoni nilinunua Fanta Citron mbili za baridi. Nilitaka nimpe moja, tukae mlangoni, nimsimulie jinsi nilivyomfungia safari mwanamke wa kwenye kompyuta. Nilitaka acheke mpaka apaliwe. Na nilishaamua: kuomba radhi nitaomba mimi, na mwisho wa wiki sufuria zinakuja.

Nyumba ilikuwa wazi. Nazario alikuwa amekaa mezani, amevaa shati lake la Jumapili siku ya Jumanne. Sakafu imefagiliwa. Mikono yake ilikuwa juu ya meza kama ya mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

Nikafungua mdomo niseme, "Mume wangu, utacheka."

"Wacha niseme mi mwenyewe," akaniwahi. "Nilijua iko siku utajua. Anaitwa Bénédicte. Mtoto iko na miezi saba."

Kicheko nilichokitoa ghalani kilikuwa bado mdomoni mwangu. Sikujua nikipeleke wapi.

"Zile message nilidhani nimezifuta zote," akasema, akainamisha kichwa. "Umbabarire, Emi." Akaniomba msamaha kwa Kirundi, lugha ya mama yake kule Bugendana, lugha anayoitumia akiwa anasema kweli.

Iliniuma. Iliniuma kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi nilikuja na silaha, na sasa nilikuwa na Fanta mbili. Nikawasha simu ili tu nisimwangalie usoni. Hapohapo ikalia. Joël.

"Maman, ile bibi nimeshamutosha. Sasa tableau iko safi, hakuna mutu."

"Asante, mdogo wangu," nikamjibu.

Kisha nikampigia Ursula. Nikamwambia zile sufuria azitoe kwenye magazeti, azirudishe jikoni.

"Kwani umemkuta yule mwanamke?"

"Yule hayupo," nikasema. "Yupo mwingine."

Nazario aliinua kichwa, hakuelewa. Sikumweleza. Nilifungua Fanta moja kwenye ukingo wa meza yake, nikainywa yote nikiwa nimesimama, ile ya pili nikairudisha kwenye mkoba wangu, nikatoka kutafuta gari la Karuzi.