Gasketi Iliyolazwa Kichwa Chini

Tangu Mzee Obiero aitoe injini mbovu ya pikapu ya Mama Milka na kuweka nyingine, Datsun ile haikutulia. Ilikwenda Port Victoria kuchukua samaki ikiwa nzima, ikarudi Kisumu ikigonga kama kuna mtu anatwanga njugu chini ya boneti. Kwenye mlima ilikosa nguvu na kupiga chafya.

Obiero alisema mgongo unamuuma, kwa hiyo Wakoli, aliyefundishwa kazi na mzee huyo, ndiye aliyeachiwa kutafuta ugonjwa. Alirekebisha nafasi za valvu. Kelele ikanyamaza, kesho yake ikarudi. Akashuku cheni ya taimingi imeruka jino, lakini alama zote zilikuwa mahali pake. Hata geji ya oili ilisoma vizuri.

“Fundi, samaki wangu wameniozea njiani Kombewa,” Mama Milka alisema. “Kama hii injini ni takataka, niambie nijue.”

Wakoli alifungua kifuniko cha juu, akapitisha kidole kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kikatoka kikavu. Chuma kilikuwa kimeungua rangi, na vinundu viwili vya kusukuma valvu vilikuwa vimelika hadi vikakaribia kuwa mviringo. Oili haikuwa ikifika juu.

Alipoinua silinda hedi akaona sababu. Gasketi, bamba jembamba la kuziba mwanya chini yake, ilikuwa imelazwa kichwa chini, ikaziba tundu la kupandishia oili. Upande uliopaswa kukaa juu ulikuwa umeandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Obiero? Mtu aliyewahi kumzaba kofi kwa nati moja isiyokazwa? Ndipo Wakoli akakumbuka chai ambayo mzee aliimwaga kando ya kikombe, na Biblia ambayo mzee hakuifungua tena kanisani.

Alimfuata mzee nyuma ya kibanda cha gereji, gasketi mkononi. “Jaduong', mzee wangu, nisomee hapa.”

Obiero aliipapasa gasketi, akaisogeza hadi puani. “Hapa hakuna mwanga.”

Jua la saa sita lilikuwa linawaka juu ya mabati.

“Tangu lini?” Wakoli aliuliza polepole.

“Tangu mvua za mwaka jana.” Mzee alimrudishia gasketi. “Usimwambie mtu, omera, ndugu yangu. Nikae nyumbani nifanye nini?”

Wakoli alirudi kwa Mama Milka akiwa ameshatunga uongo. “Mama, injini yenyewe tuliuziwa mbovu...”

“Nimeiharibu mimi,” Obiero alisema nyuma yake, akija huku ameshika ukuta. “Macho yangu yamekwisha.”

Mama Milka aliigeukia pikapu yake. Hakupiga kelele. “Na breki zangu za mwezi uliopita, nani alizifunga?”

Wakoli alichukua jeki, akafungua magurudumu yote, akazikagua moja moja. Breki zilikuwa sawa. Hata hivyo Mama Milka alitafuta gari la kuivuta pikapu yake, akaipeleka kwa fundi mwingine.

Wiki nzima Wakoli hakupokea kazi mpya. Alizunguka na Obiero hadi mtaa wa Migosi, wakiulizia kila gari ambalo mzee alikuwa ameligusa. Mengi yalikuwa salama. Kwenye moja, la mwalimu aliyekuwa akibebea wanawe kila asubuhi, boliti ya usukani ilitoka kwa vidole tu.

Obiero aliomba ashikishwe boliti hiyo. Wakoli akamwekea kiganjani, na mzee akakaa chini pale pale barabarani, akaifumbata.