Uso wa Mnyapara

Nyumbani binti huyu walimwita Siafu, maana tangu utotoni hakuweza kukaa mahali pamoja hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alipoanza kazi ya kuchora katuni, ndugu walicheka: kazi ya kukaa kitako siku nzima, Siafu ataiwezea wapi? Akaiweza. Miguu ilicheza chini ya meza, mkono ukatulia juu yake.

Alhamisi hiyo asubuhi alipeleka gazetini kurasa sita za hadithi yake mpya, ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao na mnyapara wao katili. Katibu muhtasi akafungua bahasha, akachungulia, akaangua kicheko.

"Makubwa! Shemeji yako kakukosea nini mpaka umemtia gazetini?"

"Shemeji gani?"

"Si huyu hapa? Mume wa dada yako. Alikuja kukuchukua siku ile ya mvua."

Siafu akatazama. Taya lile, nyusi zilizokaribia kushikana, tabasamu la upande mmoja: shemeji mtupu. Na yeye alidhani mnyapara amemtoa kichwani mwake!

Akazikwapua kurasa. Mhariri, mtu wa maneno machache, alitokeza kichwa mlangoni. "Saa kumi jioni ziwe mezani kwangu. Zikichelewa, naweka tangazo la sabuni."

Chumba chake cha kazi, kilichopakana na chumba cha kulala, kilikuwa na meza iliyoinuliwa upande mmoja kwa matofali mawili, kiti kimoja, na dirisha. Alikwangua wino wa uso wa kwanza kwa wembe, polepole karatasi isitoboke, akapaka rangi nyeupe, akaipepea ikauke. Kisha akashika penseli ngumu: yai la kichwa, mstari wa katikati, mstari wa macho. Akampa pua fupi. Mnyapara akawa kama picha ya kitambulisho, macho wazi, mtu hayumo. Akamnyoa kipara. Akamfugia masharubu, akapata shemeji mwenye masharubu.

Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi. Akachonga penseli iliyokwisha kuchongoka. Akaosha brashi safi.

"We Siafu, una nini na mtu huyu?" alijiuliza kwa sauti. Hakuwa na ugomvi naye. Shemeji alikuwa mcheshi, mtu wa watu. Mama alipougua, ndiye aliyembeba mgongoni hadi kwenye gari.

Saa saba na nusu dada yake akabisha hodi na kuingia papo hapo, kama kawaida yake. Alikuwa mshonaji, na alipitia kuazima mkasi, wake umekuwa butu. Siafu alivuta gazeti kuukuu afunike meza, lakini dada alikwisha kuona.

Hakucheka wala hakukasirika. Aliinama juu ya ukurasa wa nne, kidole chake kikapita uso bila kusimama, kikatua kwenye mkono wa mnyapara. Mnyapara alikuwa amemshika mfanyakazi wa kike juu ya kiwiko, kidole gumba kimezama kwa ndani.

"Umejuaje?" dada aliuliza.

"Nimejua nini?"

Dada akapandisha mkono wa blauzi. Alama nne kwa nje, moja kwa ndani, rangi ya zambarau inayogeuka njano.

Ndipo yakamjia Siafu: kwenye shughuli za ukoo, shemeji akipiga soga na wageni huku amemshika mkewe hapo hapo, na kikombe cha dada kikikwama hewani. Macho yaliona, mkono ukaweka akiba, mdomo haukuuliza.

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Ningeanzia wapi? Mama akituona mlangoni, humkumbatia yeye kwanza."

"Basi nauacha uso kama ulivyokuwa. Watu wamjue!"

"Hapana. Watakaotazamwa ni mimi na mwanangu. Mbadilishe."

"Tangu asubuhi nambadilisha, kila nikimgusa anakufa."

Dada alivuta pumzi. "Unahangaika na pua, mdogo wangu. Pua haijamkosea mtu. Uache huo mkono ulivyo, na hilo bega linavyomwinamia. Usoni weka yeyote."

Siafu akamchorea mnyapara mashavu ya mtoto na masikio madogo, uso wa mtu ambaye ungemwachia mzigo wako stendi. Akachovya kalamu: mstari mnene kwenye kidole gumba, mwembamba kwenye mkunjo wa shati. Mnyapara akapata uhai, akatisha kuliko mwanzo. Dada alichukua brashi akajaza vivuli vyeusi, vile vikubwa tu.

Walipofika ukurasa wa mwisho, simu ya dada ililia mkobani. Ikakatika, ikalia tena. Hakuipokea.

"Saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

"Mtoto anatoka saa kumi. Alhamisi humchukua baba yake." Akatazama mlango. "Leo sitaki amchukue."

Gazeti lilikuwa mashariki, shule magharibi. Siafu aliziacha kurasa zikaukie mezani, akashika funguo. Walitembea mbio mbio, dada mbele, na kengele ilipolia walikwisha kusimama getini. Binti alitoka akiburuta begi, akashangaa kuona watu wawili.

"Tunaenda kwa mama mdogo," dada alimwambia, akimwonyesha Siafu. "Tutakaa huko."

Wiki hiyo gazeti lilitoka na tangazo la sabuni, na mnyapara akatoka wiki iliyofuata. Shemeji alikuja mara mbili na wazee wa kusuluhisha. Mara zote mbili dada alizungumza nao kupitia dirishani, mlango umefungwa. Mama alinuna. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti kile kimoja, akaweka mkoba miguuni.

"Haya, nieleze," alimwambia binti yake mkubwa. "Tangu mwanzo."

Dada akaeleza, akizunguka chumba, na mama hakumkatiza.